Nyumba za Nafuu za Nakalale

Kabla ya mafuta, hakuna aliyeitaka Nakalale. Kilikuwa kitongoji cha vibanda vya makuti ya mkoma kando ya mto Kawalase, pembezoni mwa mji wa Lodwar, mahali ambapo upepo ulitia mchanga hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Akuwam aliishi pale tangu alipofiwa na mume, ua mmoja na mdogo wake Asekon, milango yao ikitazamana. Akuwam alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana. Asekon alikuwa na watoto watatu, na mume aliyekwenda Kitale kutafuta kazi akapotelea huko. Asekon mwenyewe alichoma makaa na kuyapeleka Kakuma kwa lori, akawauzia wakimbizi kambini. Akuwam alipima maneno kabla ya kuyatoa. Asekon aliyatoa kwanza, akayapima yakiwa yameshamfika mtu. Waligombana mara kwa mara na kula chungu kimoja kila siku.

Mafuta yalipotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2012, mji ulishikwa na homa. Magari makubwa meupe yakaanza kupita, wageni wakaulizia vyumba vyenye choo cha ndani, na wenye nyumba wakaona kumbe siku zote walikuwa wakikodisha bure. Walimu wakatoka, wahandisi wakaingia. Katikati ya mwaka, Bwana Esinyen akafika Nakalale.

Hakuwa mgeni. Alizaliwa Lodwar, akasomea Eldoret, akarudi na kampuni yake ya ujenzi. Aliwakusanya wakazi kwenye uwanja wa kanisa, akasalimu, "Ejok?" wakaitikia, "Ejok-nooi!" akaeleza shida yake bila kuzunguka. Alitaka kujenga nyumba za mawe sitini, zenye maji na umeme. Ardhi ile haikuwa na hati ya mtu. Ilikuwa ya jamii, na kamati ya wakazi ilipaswa kuridhia kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kila familia ingepewa kifuta jasho ikatafute pengine pa kukaa.

Watu wakaanza kunong'onezana, na minong'ono ilikuwa ya furaha. Akuwam, aliyekuwa mwanakamati, akasimama.

"Nyumba zikiisha, nani atakaa ndani yake?"

"Yeyote atakayeweza kulipa kodi, mama."

"Basi si sisi."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Kulikuwa na mwalimu shuleni aliyemweleza kwamba katika miji mingine mjenzi haachiwi hivihivi. Hutakiwa kutenga sehemu ya nyumba zake kwa watu wa kipato kidogo, kwa kodi wanayoimudu, ndipo aruhusiwe kujenga. Neno hilo lilikuwa limemkaa Akuwam kifuani kwa wiki kadhaa.

"Katika kila nyumba tano, tutengee moja," alisema. "Nyumba ya nafuu. Hapo tutakupa ardhi."

Esinyen hakukasirika. Alivuta kiti, akaketi karibu naye kama mtu anayezungumza na shangazi yake.

"Mama, nyumba kumi na mbili nikizikodisha kwa bei ya chini, hilo pengo nitalizibaje? Nitapandisha kodi ya zile nyingine. Atakayeumia si mimi, ni nesi, ni mwalimu. Na benki ikiona hesabu hazikai sawa, hainipi mkopo. Hapo hakuna nyumba ya nafuu wala ya ghali. Mtabaki na mchanga wenu."

"Tumeuzoea, hautatuua," Akuwam akajibu. "Lakini nikuulize na mimi. Mji huu ukishajaa nyumba zako, anayekupikia atalala wapi? Anayefagia hospitali, anayebeba maji, anayefua nguo za wahandisi? Mnataka tuje alfajiri tuwafanyie kazi, jioni tupotelee porini kama fisi?"

Makofi yakapigwa. Hapo Asekon akainuka, kitoto chake kikiwa mgongoni.

"Mimi nataka pesa," alisema. "Dada yangu ana maneno mazuri, nayajua tangu nikiwa mdogo. Lakini nikipewa pesa nitanunua mbuzi, na mbuzi nitamkamua kesho asubuhi. Hiyo nyumba ya kwenye karatasi nitaikamua lini? Nyumba ya mtu ni ya mtu. Akitaka atakufungulia, akitaka atakufungia."

"Asekon, keti," Akuwam alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeketi sana."

Esinyen aliomba muda. Aliporudi alikuja na njia mbili, wachague moja wote kwa pamoja. Ya kwanza, kifuta jasho kamili na asidaiwe nyumba yoyote. Ya pili, pesa kidogo tu ya kubebea mizigo, lakini nyumba kumi na mbili zitengwe kwa wakazi wa mji wenye kipato cha chini, kwa nusu ya kodi ya kawaida. Wenye kipato cha chini. Maneno hayo yalisomwa kwa sauti mara mbili, na kila mtu aliyeyasikia alijiona mwenyewe ndani yake.

Akuwam alizunguka kibanda kwa kibanda. Aliwaambia kwamba pesa huisha, mbuzi hufa na ukame, lakini nyumba kumi na mbili za mawe zingebaki, na watoto wa Nakalale wangekaa kwa zamu ndani yake hata baada ya wazazi kufa. Aliamini kila neno. Alipofika kwa bibi kizee Napeyok, ambaye macho yake yalishaanza kupoteza nuru, bibi alimshika mkono akamuuliza, "Nitakufa chini ya bati, Akuwam?" naye akamjibu, "Utakufa chini ya bati, mama, tena mvua ikinyesha halitakugusa hata tone." Siku ya kupiga kura mikono ikainuka kwa nyumba. Upande wa pesa iliinuka michache, na mmoja wao ulikuwa wa Asekon.

Walihama mwezi wa kumi. Wanawake walivifungua vibanda vyao wenyewe, fito kwa fito, wakafunga makuti mafungu kama ya kubebesha punda. Hakukuwa na polisi wala tingatinga; walikuwa wamekubali. Wengine walikwenda Kanamkemer kujibana kwa ndugu, wengine wakarudi reserve, huko nyikani kwa wenye mifugo. Napeyok alipewa kona kwenye ghala la kanisa. Akuwam alipata mahali pa kutandika jikoni shuleni, nyuma ya magunia ya maharagwe. Asekon alipakia watoto na mafungu yake juu ya lori la makaa.

"Kakuma kuna nini?" Akuwam alimuuliza.

"Kuna mteja wangu, Jeanine, yule Mkongo fundi cherehani. Atanionyesha mahali."

"Nyumba zikiisha nitakuita."

Asekon alimtazama toka juu ya lori. Pesa ya mbuzi haikuwepo, na wote wawili walijua nani aliizuia. "Haya," alisema. "Nitasikia."

Mwaka wa 2013 ukaingia. Uchaguzi wa mwezi wa tatu ulileta serikali ya kaunti, na kaunti ikaleta watu wapya wenye tai na mikoba, nao pia walitaka pa kulala. Kodi zikapanda tena. Akuwam, akitoka kazini, alipitia Nakalale kutazama kuta zikiinuka. Alimwona Esinyen mara nyingi juani, mwenyewe akipima, mwenyewe akigombana na mafundi kuhusu saruji hafifu. Hakuwa mwizi. Nyumba arobaini na nane zilitazama barabara. Zile kumi na mbili zilikuwa nyuma, zina lango lao dogo, bomba moja la maji nje kwa wote. Wengine walinung'unika juu ya lango. Akuwam hakunung'unika. Ukuta ulikuwa wa mawe, paa la bati, mlango una kufuli. Aliwahesabia watu moyoni: Napeyok hii, Asekon na watoto ile, pale mama mwenye pacha.

Mwezi wa tisa ziliisha. Wa Nakalale walikuja toka kila walikotawanyikia, wengine wametembea siku nzima, wamevaa shanga zao nzuri kama wanaokwenda arusini. Ofisi ilikuwa kontena lililowekwa dirisha. Ndani aliketi karani, kijana wa adabu, na kila aliyefika mbele yake aliulizwa jambo moja.

"Pesilipu iko wapi?"

Wengi hawakuelewa. Karani akafafanua: ile karatasi ya mshahara inayotoka kwa mwajiri kila mwisho wa mwezi. Mkazi wa kipato cha chini ni yule ambaye mshahara wake uko chini ya kiwango fulani. Bila karatasi, hawezi kujua kipato ni cha chini au cha juu.

"Mimi nauza kuni," mama wa pacha alisema.

"Hicho si kipato kinachoonekana, mama."

Napeyok alikuwa ameshikwa mkono na Akuwam. Alisogeza uso wake dirishani. "Kwa hiyo wewe unasema mimi si maskini wa kutosha, au nimepita kiasi?"

Karani akamwita Esinyen.

Esinyen alitoka, akasimama mbele ya umati, jua likimpiga usoni. "Wazee wangu, mama zangu. Nilisema nusu ya kodi, na ni nusu. Nilisema kumi na mbili, na ni kumi na mbili. Lakini lazima nijue mtu atalipa kila mwezi, kwa sababu na mimi nalipa benki kila mwezi. Mtu wa makaa akikosa makaa mwezi mmoja nitamfanya nini? Nimtoe nje na watoto? Mnataka nifike huko?"

Akuwam aliutafuta uongo usoni pake, asiuone. Hilo ndilo lililomtisha. Angekuwa amewadanganya, angejua la kufanya. Angepiga kelele, angelala mlangoni pake. Lakini kila kilichosemwa kilikuwa kimetimizwa. Nusu ya kodi ya nyumba za mafuta ilikuwa bado kodi ambayo Nakalale yote haikuwahi kuiona. Alikumbuka jinsi yale maneno yalivyosomwa mara mbili, na yeye, mwanakamati, msemaji, hakuuliza hata mara moja: cha chini kuliko cha nani?

"Wewe mama," Esinyen alisema taratibu, "wewe unayo pesilipu. Ya shule."

Watu wote waliokuwa wamemwinulia mikono mwaka mmoja nyuma wakageuka kumtazama. Hakuna aliyetukana. Mama wa pacha alikuwa akimtazama kwa mdomo ulioachama kidogo, kama mtu aliyeona kitu akakosa jina lake.

Akuwam angeweza kukataa. Alisema baadaye kwamba alitaka kukataa. Lakini mkuu wa shule alishamwambia aondoke nyuma ya magunia kabla muhula haujaisha, mgongo ulikuwa ukimuuma tangu mvua za Aprili, na mkono wa Napeyok ulikuwa bado ndani ya mkono wake, mwepesi kama wa mtoto. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi aliyopewa shuleni mwisho wa mwezi, akaipitisha dirishani. Nyumba nyingine kumi na moja zilichukuliwa na makarani wa kaunti, nesi mmoja, na walimu. Walikuwa watu wazuri. Walikuwa na shida ya nyumba kweli.

Alimleta Napeyok wakaingia siku ileile. Bibi alipapasa ukuta toka kona hadi kona, akauliza, "Na wengine wako mlango upi?" Akuwam akasema watakuja. Lakini jirani zake wa zamani waliokuja mjini kuuza kuni walipita njia ya mbali, na waliokutana naye sokoni walimwamkia vizuri mno, kwa heshima ya kumwamkia mke wa chifu.

Shule ilipofunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula alipanda basi kwenda Kakuma.

Alimkuta Jeanine kwanza, mbele ya duka lake la udongo kambini, mguu juu ya cherehani, akishona sare za kwaya. Alikuwa mwanamke mnene kutoka Uvira mwenye sauti ya kubembeleza. Aliposikia ni dada ya Asekon aliacha kushona.

"Karibu, ma dada. Mdogo yako iko kule ngambo, karibu na mto. Lakini nikuambie mbele ya kufika. Maji ya Tarach ilikuyaka mwezi wa ine, ikabeba nyumba yake na makaa yote. Watoto tulibatoa na mikono. Sasa ananifuliaka nguo, mimi namupa unga kidogo."

Akuwam alikaa chini kwenye benchi bila kukaribishwa. "Hakuniambia."

"Angekuambia nini?" Jeanine alichomoa uzi kwenye sindano. "Mambo ya nyumba ni mabaya sana. Siye hapa tulipewaka nyumba ya bure, hakuna mutu anaomba kodi. Lakini hata huu mulango si wangu. Wakisema kesho muhame, nahama. Mudogo yako anatucheka, anasema, ninyi ni wageni muko na nyumba, mimi ni wa hapa sina. Anacheka, lakini macho haichekake."

Asekon alikuwa akifunga fito za kibanda kipya juu kidogo ya mto, mahali pa mawe. Makuti yalimpungukia, nusu ya paa alikuwa ameifunika kwa turubai kuukuu la msaada lililonunuliwa kambini. Alimwona dada yake, akaendelea kufunga fundo mpaka likakaza.

"Umekuja kuniita?" aliuliza bila kugeuka. "Ulisema utaniita."

"Nimekuja." Akuwam alishika ncha ya pili ya ufito, kwa mazoea, kama walivyojenga pamoja maisha yao yote. "Nimepata moja. Chumba na sebule. Wanaruhusu watu wanne, si zaidi. Niko na Napeyok. Njoo na..." Hapo akasita. Alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo njia nzima, basi likiruka mashimo, na kila mara lilimgomea mahali palepale.

"Nije na nani?" Asekon alisema. Sasa alikuwa amegeuka. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imetokeza. "Nina watatu. Nije mimi na mmoja, wawili niwape Jeanine? Au nilete wawili, mimi na wa tatu tubaki tukifuga mawe?"

"Napeyok arudi kanisani, labda..."

"Usilimalize hilo, Akuwam."

Aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Mimi sikukasirika kwa kuwa umepata," Asekon alisema. "Angepata mwingine ningekasirika zaidi. Nimekasirika kwa sababu uliniambia niketi. Mbele za watu. Nilikuwa nimesema kweli, ukaniambia niketi."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ulidhani mema. Wote tunajua. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukutukana, na hiyo ndiyo inatuchosha."

Walimaliza kufunga ule upande. Jua lilipopungua makali, Asekon alimwita binti yake mkubwa, Arupe, akamfunga nguo zake ndani ya leso.

"Huyu amerudi nyuma masomo tangu tuje huku. Mchukue asome. Sikupi kwa sababu nimekusamehe. Nakupa kwa sababu kule kuna shule." Akamfuta binti vumbi usoni kwa kiganja. "Na wewe, usimsumbue mama yako mkubwa. Kula utakachopewa."

"Wewe mwenyewe hutakuja hata kututembelea?" Akuwam aliuliza.

"Nitakuja siku nitakayokuwa na mzigo wa kuuza Lodwar," Asekon alijibu, akachukua ufito mwingine.

Arupe alikaa na Akuwam. Alikuwa mtoto mtiifu, mtiifu kupita kiasi, anayeosha sahani yake kabla hujamaliza yako. Hakuuliza nyumba hii waliipataje. Napeyok alifariki mwezi wa kumi na moja, kimya kimya, akiwa amelala usingizi wa mchana, chini ya bati kama alivyoahidiwa. Mazishini wa Nakalale walikuja wengi. Walichimba, wakaimba, wakaondoka bila kupitia nyumbani.

Asekon hakuja. Akuwam alituma habari kwa dereva wa lori kwamba sasa kuna nafasi, kwamba wakibanana hakuna atakayewahesabu. Jibu lililorudi lilikuwa salamu kwa Arupe.

Kuelekea Krismasi, wanawake watatu walibisha hodi lango la nyuma. Walitoka kitongoji kingine, upande wa barabara ya kwenda Kalokol. Kampuni nyingine ilikuwa imefika kwao na ramani, nao walikuwa wamesikia kwamba yuko mama mmoja aliyewahi kupambana na wajenzi. Walitaka kujua: wadai nyumba za nafuu au wachukue pesa?

Akuwam aliwakaribisha sebuleni, akawamiminia chai. Alikuwa amelifikiria swali hilo kwa miezi, usiku na mchana, na maneno yalimtoka moja kwa moja.

"Kudai nyumba ni haki yenu. Msikubali mtu awaambie si haki. Lakini msikubali neno 'nafuu' peke yake, halina maana yoyote. Mwambieni mjenzi aseme kodi yenyewe, aseme nyumba ni za nani kwa majina, muuza kuni, muuza makaa, mjane. Mwambieni asidai karatasi ya mshahara. Akikataa hayo, chukueni pesa, msimwonee haya mtu. Na akisimama mmoja wenu kusema anataka pesa, msimnyamazishe."

Walisikiliza kwa makini. Mkubwa wao, mama mwenye kovu kwenye paji la uso, alikuwa akitazama kuta wakati wote, rangi nyeupe, dirisha la kioo, kitanda cha chuma kilichoonekana kupitia mlango wa chumbani.

"Lakini wewe ulipata," alisema mwishowe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Nilipata," Akuwam alisema.

Walikunywa chai, wakashukuru, wakaenda. Mwezi uliofuata alisikia kwamba wameinua mikono kwa nyumba.